Kesi ya ajali ya bodaboda Dodoma: PF3 na ramani ya trafiki vinatosha, au tulipie shahidi mtaalamu?

#1 Mwana_Nkuhungu
Wakuu habari za jioni.

Mdogo wangu ni bodaboda hapa Dodoma. Usiku mmoja mwaka jana alikuwa anatoka Kisasa kuja mjini na abiria mmoja. Gari dogo lililokuwa linakuja mbele yake likakata kulia kuingia mtaani bila kumsubiri. Akakanyaga breki, pikipiki ikaburuza, akalivaa gari ubavuni. Abiria alitoka na michubuko. Mdogo wangu muundi wa kulia ulivunjika, mfupa ukachomoza nje. Alifungwa vyuma vya nje, baadaye akafanyiwa upasuaji mwingine, na mpaka leo anachechemea na goti halikunji vizuri.

Dereva alishtakiwa akapigwa faini. Sisi tumefungua madai ya fidia. Sasa upande wa pili wanasema mdogo wangu alikuwa anakimbia. Wameshikilia alama ya breki ya mita 20 iliyoandikwa kwenye ramani ya trafiki, na wameorodhesha mtaalamu atakayekuja kukokotoa mwendo. Wakili wetu anataka nasi tumlete daktari bingwa wa mifupa, na mfuko ukiruhusu tumtafute mtu wa kujibu hayo mahesabu. Gharama zote juu yetu. Mzee nyumbani hataki kusikia. Anasema PF3 (ile fomu ya polisi anayojaza daktari) ipo, ramani ipo, dereva alishakutwa na hatia, na hakimu ana macho, atauona mguu.

Waliowahi kupita huko naomba mnisaidie kabla hatujauza mbuzi.

#2 Mzabibu
Pole sana mkuu. Naweka kambi hapa, nami nina jambo linalofanana.

#3 MamaKongwa
Pole kwa mdogo wako. Mimi naungana na mzee. Shemeji yangu aligongwa, wakapeleka PF3 na risiti za dawa, hakimu akasoma, fidia ikatoka. Hakuna bingwa aliyeitwa. Mbuzi wabaki zizini.

#4 Daktari wa Zamu
Dada MamaKongwa, kesi ya shemeji yako yawezekana haikuwa na ubishi. Hii ina ubishi.

Nimejaza PF3 nyingi. Mgonjwa analetwa anavuja damu, ndugu ana karatasi ya polisi mkononi, mimi naandika nilichokiona saa ile: jeraha liko wapi, limesababishwa na kitu cha namna gani, na ni madhara ya kiwango gani. Nafasi yenyewe ni ndogo. Siku hiyo hakuna daktari duniani anayeweza kuandika kwamba goti litakakamaa au mguu utapungua urefu. Muundi uliovunjika na kutoboa ngozi unaweza kuchukua miezi sita, mwaka, au usiunge kabisa. Usaha ukiingia kwenye mfupa hadithi inakuwa ndefu zaidi.

Hasara ya kijana huyu iko kwenye yale yaliyotokea baada ya PF3 kufungwa. Fidia ya ulemavu wa kudumu inahitaji mtu wa kusema leo goti linakunja nyuzi ngapi, mguu umepungua sentimita ngapi, anaweza kukanyaga gia na breki kwa siku nzima au hawezi, na kama kuna upasuaji mwingine mbele. PF3 haiwezi kusema hayo.

#5 Wakili_Msalato
Daktari kamaliza nusu ya kazi yangu. Naongeza ya kisheria.

Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, kifungu cha 47 (toleo la 2019, kwa toleo jipya kagueni namba) inaruhusu mahakama kupokea maoni ya mtu mwenye maarifa, ujuzi, uzoefu au mafunzo maalumu pale inapohitaji kuamua jambo la kisayansi au la ufundi. Shahidi wa kawaida anasema alichokiona na kukisikia basi. Maoni ya kitaalamu anayatoa mtaalamu. Lakini maoni hayo hayamfungi hakimu. Mtaalamu akisema "mwendo ulikuwa 60" bila kuonyesha amefikaje hapo, hakimu anaweza kuyaweka kando.

Gharama za matibabu, nauli na kipato kilichopotea ni madhara mahsusi, na hayo lazima yatajwe kwenye hati ya madai na yathibitishwe kimoja kimoja. Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe ya 1992, kila wakili anaijua. Maumivu na ulemavu ni madhara ya jumla, hakimu anapima mwenyewe. Apime kwa kutazama nini? Hapo ndipo daktari anapoingia.

Na wengine mnaosoma: madai ya namna hii yana ukomo wa miaka mitatu. Msikae mkisubiri mguu upone kabisa.

#6 Kijiwe_Sabasaba
Wasomi mnazunguka mbali. Ukweli wa ajali uko kwa watu waliokuwepo. Trafiki anafika pikipiki imeshanyanyuliwa, gari limeshasogezwa, watu wamejaa. Anapima alama, ya nani? Barabara ile kila usiku inaburuzwa. Mngetafuta muuza chipsi aliyeona gari likikata, huyo ndiye mtaalamu. Anakuja na nauli yake tu.

#7 InjiniaLami
Kijiwe, muuza chipsi hawezi kukupa mwendo. Macho ya binadamu yanakosea sana hasa usiku. Alama ya tairi haina ndugu.

Wenzenu wa upande wa pili watafanya hivi: mwendo kwa kipeo cha pili ni sawa na 2 × msuguano × 9.8 × urefu wa alama. Lami kavu hupewa msuguano wa 0.7. Kwa mita 20 unapata kama mita 16.6 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 60 kwa saa. Kikomo cha mjini ni 50. Watasema alizidisha 10, wataomba fidia ikatwe kwa uzembe wa kuchangia, yaani naye alichangia ajali.

#8 FundiMajengo
Injinia samahani, hiyo 0.7 ni ya gari linalofunga magurudumu yote manne. Pikipiki ina breki mbili tofauti, mkono na mguu. Nimefungua Boxer na TVS za maboda miaka na miaka. Wengi wanakanyaga ya nyuma tu. Ya mbele waya umelegezwa, wengine wamekata kabisa kwa kuogopa kupinduka kwenye mchanga. Tena tairi la mbele likijifunga huwezi kuburuza mita 20 ukiwa umesimama, utalala hapohapo. Alama ndefu ya pikipiki ni ya nyuma, nipo tayari kuapa.

#9 InjiniaLami
Hoja nzito hiyo, fundi. Breki ya nyuma peke yake ikiburuza, pikipiki inapungua mwendo taratibu zaidi, maana ukifunga breki uzito unahamia mbele na tairi la nyuma linakuwa jepesi. Ukiweka 0.35 badala ya 0.7, mita zilezile 20 zinakupa kama kilomita 42. Ila alikuwa na abiria, na abiria anaongeza uzito nyuma, kwa hiyo breki ile inashika zaidi. Tuseme 0.45, unapata karibu 48.

Alama ni moja, majibu ni 60, 48 na 42. Na kikomo cha 50 kimekaa katikati yake. Mwana_Nkuhungu, hapo ndipo kesi yenu ilipolala. Mtaalamu wao akiingia na 0.7 na hakuna wa kumuuliza "kwa nini 0.7", hakimu atabaki na 60.

#10 Mzabibu
Aisee. Kumbe namba moja tu inaweza kula nusu ya fidia.

#11 Binti_Bima
Nipo kwenye sekta ya bima, sitataja wapi. Injinia umesahau kitu na naomba nikiseme hata kama kinamuumiza mleta uzi. Hiyo kanuni inafaa kwa chombo kilichosimama mwisho wa alama. Huyu hakusimama, aliligonga gari. Mwendo aliokuwa nao wakati wa kugonga lazima urudishwe kwenye hesabu. Kama aligonga akiwa na 30, ile 42 inapanda mpaka kama 52. Ile 48 inapanda mpaka 56. Mtaalamu yeyote mzuri wa upande wetu atalisema hilo mapema.

#12 Kijiwe_Sabasaba
Haya, wa bima kaingia. Dada karibu, lakini mlipe kwanza ndipo mtufundishe hesabu.

#13 Binti_Bima
Kaka Kijiwe tunalipa, vielelezo vikiwepo. Madai mengi yanaisha kwa mazungumzo bila hukumu. Kinachokwamisha sana ni ripoti ya daktari ya mistari mitatu: "amevunjika mguu, ulemavu asilimia 40". Asilimia 40 ya nini? Ya mguu au ya mwili mzima? Imepimwa kwa mwongozo gani? Ripoti inayoeleza vipimo tunaiheshimu, na mara nyingi ndiyo inayotufanya tuongeze ofa kabla ya kesi kusikilizwa. Na usisahau kuhakiki bima ya gari lile kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya usimamizi wa bima), usije ukamaliza kesi ndipo ukagundua stika ilikuwa feki.

#14 Daktari wa Zamu
Asilimia kweli ni ugonjwa. Nimeona wagonjwa wawili wenye mvunjiko unaofanana, mmoja kaandikiwa 15, mwingine 45, kisa madaktari tofauti. Na kuna wanaopima mapema mno. Tathmini ya ulemavu inafanywa matibabu yakifika mwisho, hali ikiwa haisogei mbele wala nyuma. Vyuma bado viko mguuni na unataka asilimia, wakili wa upande wa pili atakuchana.

Mwana_Nkuhungu, mchukueni daktari aliyemtibu. Anajua mguu tangu siku ya kwanza, ana faili, ana picha za eksirei zote kwa mfululizo. Wa kukodiwa anaonekana kafuata hela.

#15 Wakili_Msalato
Hapo nitatofautiana na daktari kidogo. Aliyemtibu ni bora kwa kueleza nini kilifanyika. Lakini anamhurumia mgonjwa wake, na upande wa pili watalisema. Bingwa asiyemjua mgonjwa, akimpima upya na kufikia majibu yaleyale, anakuwa na uzito wake. Uingereza kwenye kesi ya meli ya Ikarian Reefer, 1993, jaji aliweka wazi kwamba mtaalamu ana wajibu kwa mahakama, hata kama aliyemlipa ni upande mmoja. Si sheria yetu, lakini mahakimu wanaielewa hoja hiyo vizuri.

#16 Daktari wa Zamu
Sawa wakili, ila tuambieni pia kwa nini madaktari wanakimbia mahakama. Unaitwa saa tatu asubuhi, unaacha orodha ya upasuaji, unakaa kwenye benchi, saa sita unaambiwa kesi imeahirishwa. Mwezi ujao tena. Nauli hujui nani analipa.

#17 Wakili_Msalato
Analipa aliyemwita. Kanuni za mwenendo wa madai, Amri ya 16, zinaruhusu mahakama kukadiria malipo ya mtaalamu kwa muda wa kutoa ushahidi na hata kwa kazi aliyoifanya kujiandaa. Mawakili wengi hawaombi. Waombe.

#18 Bahi_Road
Nimesoma mahali kwamba PF3 ikisomwa bila mshtakiwa kuambiwa ana haki ya kumwita daktari, inatupwa. Kwa hiyo PF3 ya mleta uzi iko salama?

#19 Wakili_Msalato
Hiyo ni kesi ya jinai, kifungu cha 240(3) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (namba ya toleo la 2019). Kwenye madai haitumiki. Hata hivyo, upande wa pili wakiipinga PF3 na daktari hayupo, utakuwa na karatasi isiyoweza kujibu swali.

#20 Afande Mstaafu
Salaam wakuu. Nimefanya kazi ya usalama barabarani kwa muda mrefu, na maneno ya #6 siwezi kuyaacha yapite.

Ramani ya ajali haichorwi kwa kubahatisha. Unachagua alama ya kudumu, nguzo ya umeme au kona ya daraja, unapima kwa futi kutoka hapo mpaka kila kitu: vioo, damu, alama za tairi, mahali vyombo vilipokutwa. Kilichosogezwa unaandika kimesogezwa. Kisha mkaguzi anakagua vyombo na kuandika ripoti, PF 93. Kama breki ya mbele ilikuwa imekatwa kama anavyosema fundi, ripoti hiyo inatakiwa iseme. Iombeni, wengi wanaisahau.

Ila nakubali jambo moja. Askari aliyechora anaweza kusema alichopima. Akianza kusema "kwa alama hii alikuwa na 70", muulizwe alisomea wapi hesabu hiyo. Wengi wetu hatukusomea.

#21 Kijiwe_Sabasaba
Afande heshima yako. Lakini ile ajali ya Kizota niliiona mwenyewe, ramani ilichorwa kesho yake mchana, upepo wa Dodoma umeshafukia kila kitu mchanga.

#22 Afande Mstaafu
Kama ilichorwa kesho yake basi wakili alitakiwa amuulize aliyeichora swali hilo. Ndiyo maana ya kuhoji shahidi.

#23 Mtanzania_Ughaibuni
Nipo Marekani. Huku jaji ni mlinzi wa mlango. Kabla mtaalamu hajasikilizwa, jaji anauliza kama njia yake inaweza kupimwa, kama wenzake wa fani wanaikubali, na kiwango chake cha makosa ni kipi. Ilianzia kwenye kesi ya Daubert ya 1993. Mwaka 1999, kesi ya Kumho Tire, mtaalamu wa matairi alizuiliwa kutoa ushahidi kwa sababu njia yake ilikuwa kulitazama na kulipapasa tairi, kisha kusema lina kasoro ya kiwandani. Pia kuna utafiti wa zamani wa Harry Hurt, 1981, Los Angeles. Walifuatilia ajali 900 za pikipiki eneo la tukio. Zile zilizohusisha chombo kingine, theluthi mbili mwenye gari ndiye aliyemnyima pikipiki haki ya njia. Mara nyingi hakuiona. Sawasawa na kesi ya mdogo wako.

#24 Bahi_Road
Utafiti wa Los Angeles ukiuleta Dodoma watasema barabara zile si hizi. Punda hawavuki kule.

#25 Mtanzania_Ughaibuni
Dereva anayekata kona bila kuiona pikipiki ni yuleyule popote. Macho yake yanatafuta gari.

#26 FundiMajengo
Hilo la kutoonekana linanikumbusha. Mwana_Nkuhungu, ilikuwa usiku. Watasema taa haikuwaka. Balbu iko wapi? Kama ni balbu ya waya, waya ukiwa wa moto wakati wa kishindo unavutika na kujikunja. Ukiwa wa baridi unakatika tu. Mtaalamu anaona tofauti. Msimruhusu mtu kubadilisha chochote kwenye pikipiki hiyo. Kama ni taa za kisasa za LED, hapo hakuna waya wa kusoma.

#27 Mwana_Nkuhungu
Wakuu ahsanteni sana, nasoma kila kitu na wakili nimemtumia. Pikipiki ipo uani, haijaguswa, balbu ni ya waya. Kofia ngumu alivaa, na leseni anayo.

Halafu swali kwa wakili: dereva alikiri kosa mahakamani, nakala ya hukumu tunayo. Mzee anasema hiyo imemaliza mjadala.

#28 Wakili_Msalato
Mzee ana hoja. Kifungu cha 43A cha Sheria ya Ushahidi (namba ya toleo la 2019), hukumu ya jinai, muda wa rufaa ukishapita, inachukuliwa kuwa uthibitisho kamili kwamba aliyetiwa hatiani alitenda kosa. Ingekuwa kile kikaratasi cha faini ya papo kwa papo barabarani ningesita, maana hiyo si hukumu ya mahakama. Yenu ni ya mahakama, vizuri.

Lakini hukumu inasema dereva alikosea. Haisemi mdogo wako hakukosea. Mlango wa uzembe wa kuchangia umebaki wazi, na hao wenzenu wanapita humo humo. Hakimu anaweza kusema dereva asilimia 70, boda 30.

#29 Mzabibu
Sasa kofia ngumu inahusianaje na muundi? Kesi yangu mimi sikuvaa, nimevunjika mkono, na bima wanataka kunikata.

#30 Daktari wa Zamu
Haihusiani kabisa. Kofia ngumu inalinda kichwa. Mapitio ya tafiti yaliyotoka 2008 yalionyesha inapunguza hatari ya kifo kwa takribani 42% na majeraha ya kichwa kwa 69%. Mkono haumo. Anayetaka kukukata amlete daktari aeleze kofia ingeuokoaje mkono wako.

#31 Wakili_Msalato
Na Waingereza wanafuata njia hiyohiyo. Froom dhidi ya Butcher, 1976, ilihusu mkanda wa gari: kama mkanda ungezuia majeraha yote, kata asilimia 25; kama ungeyapunguza, 15; kama usingebadilisha kitu, usikate. Kabla ya hapo, 1972, O'Connell dhidi ya Jackson, mwenye pikipiki asiye na kofia alikatwa 15, lakini huyo aliumia kichwa. Kwetu ni za ushawishi tu, ila zitumie.

#32 MamaKongwa
Mmesema kichwa, mmenigusa. Jirani yetu kijana wa darasa la saba, mama yake alikuwa amempakia nyuma ya boda. CT-Scan ikasema hakuna damu kichwani. Kesi ikaenda na hiyo karatasi. Fidia ikawa ya majeraha madogo. Mtoto yule alikuwa anaongoza darasa, sasa hakumbuki alichotumwa dukani, analia bila sababu. Hakuna aliyeitwa kueleza hayo.

#33 Daktari wa Zamu
Inauma sana hii. CT-Scan inaona damu na mfupa uliovunjika. Mtikisiko unaoharibu kumbukumbu mara nyingi hauonekani hapo. Alihitajika mtaalamu wa kupima kumbukumbu na umakini, na mwalimu wake aje na rekodi za shule za kabla na baada. Mwalimu ni shahidi wa kawaida, lakini madaftari yale yangempa mtaalamu msingi wa kusimamia. MamaKongwa, kwa hiyo bado unasema PF3 inatosha?

#34 MamaKongwa
Kwa mguu wa shemeji ilitosha. Kwa kichwa cha mtoto, hapana.

#35 InjiniaLami
Nimerudi kwa Binti_Bima. Hoja yako ya mwendo wa kugonga ni sahihi kihesabu. Lakini mnauliza swali la pembeni. Swali la msingi ni hili: angekuwa na 50 kamili, ajali ingeepukika? Mtu anachukua kama sekunde moja na nusu kuona, kuamua na kukanyaga. Kwa 50 hiyo ni kama mita 21 kabla breki haijaanza kushika. Kisha kusimama kwa msuguano wa 0.45 ni kama mita 22 nyingine. Jumla mita 43. Kama gari lilikata akiwa mita 40, hata mwendo halali usingemwokoa.

#36 Binti_Bima
Na kama lilikata akiwa mita 70? Nani anajua alikuwa umbali gani?

#37 Kijiwe_Sabasaba
Muuza chipsi.

#38 InjiniaLami
😂 Kijiwe hapo sina la kujibu.

#39 Bahi_Road
Nje ya mada kidogo. Binamu yangu aligongwa na gari la Serikali, lenye namba za STK, akitoka Mtumba. Mnasemaje?

#40 Wakili_Msalato
Usikimbilie mahakamani. Kuishtaki Serikali kunahitaji notisi ya siku 90 kwanza, Mwanasheria Mkuu anaunganishwa, na kesi inakwenda Mahakama Kuu. Wakati unasubiri siku hizo ndipo umalize tathmini ya daktari. Kama hana uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo, waulize wasaidizi wa kisheria walio karibu.

#41 Manyoni_Boy
Na boda aliyegonga mtu akiwa na pikipiki ya mkataba? Bosi anasema "pikipiki ni yake, analeta hesabu tu".

#42 Wakili_Msalato
Kadi ya pikipiki ina jina la nani, na mkataba unasemaje? Mkilinganisha majibu hayo mawili, bosi anaweza kuunganishwa. Fungua uzi wake, huu utatuzidi.

#43 Mwana_Nkuhungu
Wakuu, leo nimeipata nakala safi ya ramani. Alama ya tairi ni mita 20, mwisho wake imepinda kidogo kushoto, kisha kuna mikwaruzo kwenye lami mita 3 hivi mpaka ubavuni mwa gari. Pembeni trafiki kaandika "mchanga juu ya lami". Hii inatusaidia au inatumaliza?

#44 Afande Mstaafu
Mikwaruzo ni chuma. Stendi ya mguu, kikanyagio au usukani. Maana yake alianguka kabla ya kulifikia gari.

#45 InjiniaLami
Inasaidia. Chuma kinachoburuzwa kwenye lami kimeendelea kupunguza mwendo, kwa hiyo 30 ya Binti_Bima wakati wa kugonga inaweza kuwa chini zaidi. Akigonga na 20, ile 42 inapanda mpaka 47, kabla ya kuongeza mwendo uliopungua kwenye mikwaruzo. Na mchanga unashusha msuguano, mwendo wa mwanzo unashuka nao.

#46 Binti_Bima
Mimi naisoma tofauti. Mchanga na kupinda kwa alama vinaonyesha alishindwa kuimudu pikipiki mwenyewe. Upande wa pili watasema alianguka kwa sababu ya mwendo na kukosa breki ya mbele, na gari lilikuwa tu mahali alipoishia. Kama kweli waya wa mbele ulikatwa, huo ni uzembe wake.

#47 FundiMajengo
Au alianguka kwa sababu gari lilimkatia njia. Angekuwa na breki ya mbele kwenye mchanga ule angeanguka mapema zaidi.

#48 Daktari wa Zamu
Kuna swali hapo la kwangu pia. Muundi umevunjika kwa kugonga ubavu wa gari au kwa kubanwa na pikipiki ilipolala? Mfupa uliogongwa moja kwa moja na ule uliopindwa huvunjika kwa sura tofauti, na eksirei ya kwanza kabla ya vyuma inaweza kuonyesha. Itafuteni picha ile, isije ikawa imebaki kwenye kompyuta ya hospitali peke yake. Kidonda kilikuwa upande wa ndani wa muundi au wa nje?

#49 Mwana_Nkuhungu
Wa nje, daktari. Kesho nakwenda kuiomba picha.

#50 FundiMajengo
Ukirudi piga picha tairi la nyuma pande zote. Lililoburuza likiwa limejifunga linabaki na sehemu moja bapa iliyolika. Piga pia waya wa breki ya mbele kabla mtu hajaugusa, uweke hapa tuuone.